Macho Kwenye Mbawa

Mara ya kwanza, Fundi alimtoa kwa ufagio.

Nondo yule alikuwa amejibandika ukutani juu ya cherehani, mkubwa kama kiganja cha mwanamume, rangi yake majivu na kahawia kama gome la mti uliokauka. Fundi hakuwa mtu wa kuogopa wadudu. Chumba cha mbele kikishajaa vitambaa hakikosi nondo, na wale wadogo wanaotoboa sufu alikuwa akiwaponda kwa kidole gumba huku maongezi yanaendelea. Huyu alimwonea huruma kwa ukubwa wake. Akamkusanya kwa ufagio, akampeleka mpaka uani, akamtikisia kwenye majani, kisha akarudi ndani na kufunga mlango na dirisha, maana upepo ulikuwa unampeperushia karatasi za kukatia. Alipoinua macho, nondo alikuwa palepale ukutani. Si karibu na pale. Palepale.

“Bila shaka wako wawili,” akajisemea, akaanza kukanyaga cherehani.

Mama mkwe wake alikuwa amekaa kiti cha upande wa pili. Shati la shule lilikuwa mapajani na sindano mkononi, lakini hakuwa anashona. Alikuwa anamtazama yule nondo, na midomo yake ilikuwa inacheza kidogo, kama ya mtu anayesalimiana na mwenzake wa mbali.

Wanawake hawa wawili walikula na kuvaa kutokana na chumba hicho. Mkaza mwana alikata na kushona. Mama mkwe alimalizia kwa mkono, kupinda mapindo, kufunga nyuzi na kutengeneza matundu ya vifungo. Kwa matundu hakuwa na mpinzani, na mtaa mzima ulimwita Bibi Vifungo. Umri ulikuwa umemkimbilia lakini macho yalikuwa yamegoma kuzeeka. Alitunga uzi kwenye sindano bila miwani, tena huku anamsema mtu. Yalikuwa macho makubwa, mazuri, yenye kope ndefu, na kwenye weupe wa jicho la kushoto palikuwa na kidoa cheusi kama kichwa cha pini, alichozaliwa nacho. Mwanawe aliyarithi macho yale yote, isipokuwa kidoa.

Huyo mwana ndiye aliyekuwa mume wa Fundi. Kazi yake ilikuwa umeme. Siku moja ya mapumziko, mvua inanyesha, simu ililia kwamba waya umekatika umelala barabarani na watoto wanapita. Yeye alikuwa usingizini. Fundi alimtikisa bega, akampa simu. Aliondoka bado anapiga miayo, na waliomrudisha walimrudisha amefunikwa turubai.

Hakuna aliyemlaumu Fundi. Bibi Vifungo ndiye hasa aliyemshika mikono mbele ya waliokuja msibani, akamwambia, “Usilie kama mgeni. Marehemu ni wetu sisi wawili.” Kaka zake walipokuja kumchukua, Fundi alikataa. “Mama wa watu nimwachie nani?” Watu wakasema mjane na mkwewe ni chanda na pete. Ni kweli, walikuwa hivyo. Lakini pete nayo huacha alama.

Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa alipokuja mwalimu wa sayansi kuchukua sare za wanawe. Alipomwona nondo akasahau sare. Alisogea taratibu, akampulizia hewa kidogo. Mbawa za mbele zikanyanyuka, na mbawa za nyuma, zilizokuwa zimefichwa, zikafunuka zikiwa na macho mawili.

Fundi alijikuta amerudi nyuma, mkasi mkononi.

“Usiogope, Fundi, ni michoro tu,” mwalimu akacheka. “Tazama. Duara la njano, ndani yake jekundu, ndani yake jeusi. Na katikati hapa pana kidirisha kisicho na rangi. Unaona ukuta kwa upande wa pili? Ndege akija kumla, huyu anafunua ghafla. Ndege anadhani ametazamana na bundi, anatimua mbio. Ujanja wote ndio huo. Hana sumu, hana meno, hata mdomo wa maana hana.”

“Anakula nini basi?”

“Hali. Alishakula alipokuwa kiwavi. Wa aina hii akishapata mbawa anaishi siku chache, wiki ikizidi sana, kisha anakufa. Huyu amekuja lini?”

Fundi akahesabu siku. Alipomtoa kwa ufagio shule zilikuwa bado hazijafungwa.

“Juzi,” Bibi Vifungo akadakia. “Amekuja juzi tu, mwalimu. Sare zako hizo hapo.”

Tangu aolewe nyumba ile, Fundi hakuwahi kumsikia mama mkwe wake akisema uongo. Na kabla mwalimu hajafika njia panda, chumbani kukanuka nguo iliyounguzwa. Alikimbilia pasi. Pasi ilikuwa baridi, haijawashwa tangu asubuhi.

Jioni ile alimwendea tena na ufagio. Bibi Vifungo akasimama mbele ya ukuta, mikono ameitanua.

“Ukimgusa huyu, umenigusa mimi.”

“Mama, ni mdudu.”

“Mdudu?” Mama mkwe alicheka, kicheko cha chini kisicho na furaha. “Mtazame vizuri. Ina maana hata macho ya mumeo umeshayasahau?”

Nondo akafunua mbawa bila kupulizwa na mtu. Vile vidirisha alivyovionyesha mwalimu havikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na mboni. Zilikuwa na unyevu. Lile duara jekundu lilikuwa limefifia kuwa weupe, lile la njano lilikuwa limelegea kuwa ukope, na kwenye ukingo wa ubawa, pale ambapo palikuwa na vumbi tu, palikuwa na nywele ndefu zilizojikunja kwa juu kidogo. Fundi aliyajua macho yale. Alikuwa ameyatazama kwenye mto mmoja kwa miaka.

Ufagio ukamponyoka.

Alikuwa na nafasi ya kupiga kelele asubuhi yake na kuita watu. Hakuita. Aliyewahi kuzika atamwelewa. Bibi Vifungo alimchukua nondo mabegani kama anavyobebwa mtoto anayesinzia, akaingia naye chumbani kwake, na Fundi akabaki anafagia nyuzi zilizokuwa zimeshafagiliwa.

Tangu hapo jua likizama tu mama mkwe alikuwa anaaga. Mlango ulifungwa, na baada ya muda uliingia mlio mdogo, mkavu, wa haraka, kama cherehani inayokanyagwa nyumba ya tatu. Hizo zilikuwa mbawa. Kisha mama akaanza kuzungumza. “Umekuja, baba? Kaa hapa. Umechoka?” Kwa wiki nzima Fundi alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, akajifariji kwamba huzuni humfanya mtu aongee peke yake. Mpaka jioni moja alipompelekea chakula, sahani mkono mmoja na mkono wa pili umeinuliwa kubisha hodi, akasikia upande wa pili ukijibu, kwa sauti nene ya kukwaruza kidogo mwishoni mwa maneno, sauti iliyokuwa ikimwita kutoka uani amletee sabuni, sauti iliyowaomba kaka zake ruhusa ya kumwoa huku inatetemeka, na sauti hiyo ilikuwa inacheka polepole na mama yake kama watu wasio na shida yoyote duniani.

Kilichomuuma Fundi kwanza hakikuwa hofu. Kilikuwa wivu. Mbona haji kwangu?

“Ni mimi,” akanong’ona mlangoni. “Nifungulieni. Nisikie neno moja tu.”

Ndani kicheko kikakatika. Harufu ya kuungua ikapita chini ya mlango ikampanda miguuni. Halafu sauti ya mumewe ikasema, karibu sana, kama imeweka mdomo kwenye ubao wa mlango kwa upande wa pili:

“Ungeniacha nilale.”

Sahani ilipasuka. Fundi hakumbuki kama ni yeye aliyeiangusha.

Kulipokucha Bibi Vifungo alitoka amechangamka, anaimba kwa puani. Fundi alikuwa na uso wa mtu aliyepigwa. Hawakuulizana. Nyumba zenye wafiwa zina adabu hiyo, kila mtu anazunguka kidonda cha mwenzake. Lakini kazi haina adabu, kazi husema. Kwanza matundu ya vifungo yalianza kwenda upande, moja juu, moja chini, kama meno ya mtoto. Kisha baba mmoja alirudisha shati, vifungo vimeshonwa kwa ndani. “Bibi leo ametutania,” akasema, akicheka, lakini Bibi Vifungo hakucheka. Alikuwa analamba ncha ya uzi na kuuchomeka hewani, kando ya sindano, tena na tena.

“Uzi wa siku hizi hauna ncha,” alilalamika.

“Lete nikutungie, mama.”

“Nitungie wewe? Nimeanza lini kutungiwa?”

Akamimina chai pembeni ya kikombe.

Ilikuwa mchana mweupe Fundi alipoujua ukweli. Mama mkwe alikuwa amesinzia kitini, kichwa kimeegemea ukuta, na nondo ametua juu ya kichwa chake kama kitana. Mbawa zilikuwa wazi. Fundi alisogea kuyaangalia macho ya mumewe kwa karibu, maana usiku aliyaogopa na mchana alikuwa anayatamani, na aliposogea aliona kwamba kwenye weupe wa jicho la kushoto, upande wa ndani, palikuwa na kidoa cheusi kama kichwa cha pini. Mumewe hakuwa na kidoa. Akainama taratibu kumtazama aliyelala. Kope za Bibi Vifungo hazikuwa zimefumba sawasawa, na kwa chini yake jicho lilikuwa na ukungu kama maji ya mchele, tupu, halina mboni ya maana wala kidoa popote, limefutwa kama ubao. Na wakati anatazama hivyo, ameshika pumzi, macho yaliyo juu, ya kwenye mbawa, yaliacha kutazama mbele, yakageuka, yote mawili kwa pamoja, yakamtazama yeye. Yakapepesa.

Alitoka bila viatu.

Jirani aliyekimbilia kwake aliitwa Mama Redio, kwa sababu habari ikiingia kwake jioni, asubuhi imefika mitaa yote. Lakini moyo wake ulikuwa mzuri kuliko mdomo.

“Nondo?” aliuliza, anakausha mikono. “Mnajenga?”

“Si nondo za kujengea, shoga. Mdudu. Mwenye mbawa. Anamla mama macho.”

Mama Redio alitaka kucheka, akauona uso wa mwenzake, akaacha. Akamvuta ndani, akafunga mlango, na kwa mara ya kwanza maishani akazungumza kwa kunong’ona. “Yuko mama mmoja. Usimwambie mtu nimekupeleka.”

Mganga hakufanana na waganga. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo mwenye mafua, amevaa sweta, mkononi ana ndoo ya bati yenye mfuniko. Alisimama mlangoni pa chumba cha mbele, akamtazama nondo, akamtazama Bibi Vifungo aliyekuwa anapapasa mkasi ulio mbele yake, kisha akamvuta Fundi uani.

“Hawa hawana umbo lao,” alisema kwa sauti ya chini. “Wanapanga kwenye maumbo ya viumbe. Nondo mwenyewe alikufa zamani, hilo ni ganda. Jini ndiye mpangaji.”

“Anataka nini?”

“Umeshaona anataka nini. Akimaliza macho atahamia masikio. Kutoka hapo ulimi. Mwisho mtamkuta mama amekaa kitini, anapumua, na ndani hamna mtu.”

“Ukimtoa, macho yatarudi?”

Mganga akapenga kamasi kwa leso, akaikunja vizuri kabla ya kujibu. “Nisikudanganye. Alichokula ni chake. Tunaokoa kilichobaki.”

“Na anayoyasema? Ni maneno ya mume wangu?”

“Maiti hasemi, mwanangu. Jini huyu anasema anachokikuta kwa anayemlisha, basi. Ni kasuku wa moyo wa mtu.”

Maneno hayo yaliingia masikioni mwa Fundi yakakaa. Hakuyagusa kwanza. Kulikuwa na kazi.

“Mama,” alisema akipiga magoti mbele ya kiti, “yule si yeye. Anakupofusha.”

“Najua.”

Hata mganga aliinua kichwa.

“Mnadhani mimi mjinga?” Bibi Vifungo alikuwa anaongea akiutazama ukuta, pembeni kabisa ya walipo. “Nilijua tangu lile tundu la kwanza kunishinda. Aliniomba, nikampa. Mtoto akililia ziwa, mama anauliza litabaki kiasi gani? Macho haya nimeyatumia maisha yangu yote kutazamia nini? Vifungo vya watoto wa watu! Acheni niyatumie kwa wangu. Bora niwe gizani na mwanangu kuliko kwenye mwanga na nyinyi.”

“Mama, nakuomba.”

“Unaniomba nini? Unipokonye mara ya pili?”

Mganga akamgusa Fundi bega. “Mwenyewe amekataa, na bila neno la mwenye nyumba hatoki. Lakini nyumba hii ina wenye haki wawili. Wewe ulikuwa mkewe. Utasema?”

Fundi alimtazama yule mama, mikono yake iliyojaa alama za sindano, macho yake ya maji ya mchele. Kama angekuwa mtu mbaya angeondoka zake. Kama angekuwa mtu mwema kupita kiasi, pengine angemwachia alichochagua.

“Nitasema,” akajibu.

Walitundika mablanketi dirishani. Mlango wa nje uliachwa wazi kidogo tu, na jua la mchana likaingia kama utepe mwembamba uliolala sakafuni. Mganga alifunua ndoo, makaa yakawa mekundu, ubani ukapanda. Bibi Vifungo alikuwa kitini, Mama Redio, aliyekuja na mganga, amemshika mabega kwa nyuma huku analia mwenyewe. Mganga alianza kusoma maneno yake, kwanza polepole kwa pua iliyoziba, kisha kwa kasi, na kadiri alivyosoma ule mlio wa cherehani ya mbali ulianza, ukasogea, ukaingia ukutani, kwenye meza, kwenye meno yao, vitambaa vikaanza kutikisika kwenye kamba bila upepo, mikono ya mashati ya shule ikiinuka na kushuka kama ya watoto wanaojua jibu, na harufu ya kuungua ikawa nzito kiasi kwamba haikuwa tena ya nguo, ilikuwa ya nywele na ya nyama na ya mvua juu ya waya, na katikati ya moshi mbawa zikafunuka ukutani, pana kuliko zilivyowahi kuwa, na yale macho makubwa mazuri yakamtafuta Fundi, yakampata, yakajaa machozi.

“Mke wangu,” ikasema sauti ya mumewe.

Fundi akapiga hatua moja kuelekea ukutani.

“Mke wangu, ni mimi. Huku kuna baridi. Waambie waache.”

“Usimjibu!” mganga akafoka.

Lakini Fundi alikuwa ameshayakumbuka yale maneno ya uani, na akayatumia kama mtu anayeshika kisu kwa upande wa makali, akijua kitamkata.

“Kama ni wewe,” alisema, na sauti yake haikuwa yake, “tukiwa wawili, taa imezimwa, ulikuwa unaniita nani?”

Lilikuwa jina la kijinga, la kumcheka anavyokoroma. Halikuwahi kusikika nje ya chumba chao. Mlio wa mbawa ukapungua. Macho yakatazama kulia, yakatazama kushoto, kama ya mwanafunzi asiyesoma. Kisha yakamgeukia Bibi Vifungo kitini, yakamtazama kwa muda, kama mtu anayechungulia ndani ya sanduku la mwenzake, yakarudi.

“Mkosi,” sauti ya mumewe ikasema. “Nilikuwa nakuita Mkosi. Uliyeniamsha. Uliyenitoa kitandani ukanipeleka kwenye waya. Mkosi aliyeingia nyumba ya mama yangu.”

Mama Redio aliacha kulia. Bibi Vifungo alikuwa ameinamisha kichwa, mikono yake imekamatana mapajani, na hakukanusha.

Fundi alisimama wima.

“Mume wangu amekufa,” alisema. Tangu amzike hakuwahi kuyatamka maneno hayo matatu kwa pamoja. “Amekufa. Nilimwosha uso mwenyewe. Wewe si yeye, na nyumba hii si yako. Toka.”

Kikatoka ukutani kitu kikubwa kuliko nondo, giza lenye mbawa, kikazunguka chumba mara mbili kikiangusha mabobini ya nyuzi na karatasi, kikapita usoni pa Fundi kikamwachia vumbi midomoni, chungu kama majivu, kikaufuata ule utepe wa jua sakafuni hadi mlangoni, na kikatoka. Wakati huohuo Bibi Vifungo alipiga ukelele ambao majirani waliusikia hadi barabarani, ukelele uleule aliopiga siku ya turubai.

Mablanketi yaliposhushwa chumba kilikuwa cha kawaida, kichafu, kimejaa jua. Mganga alifunika ndoo yake. “Hawauawi hawa,” alisema akivaa viatu. “Hufukuzwa tu. Mlango wenu uwe unafungwa.”

Bibi Vifungo alikuwa kipofu kabisa.

Mtaa mzima ulimsifu Fundi. Alimwongoza mama mkwe wake chooni, alimchemshia maji, alimkata kucha. Matundu ya vifungo sasa aliyatengeneza mwenyewe, yakatoka mabaya, wateja wakanyamaza kwa huruma. Mama mkwe alikubali kila alichofanyiwa na hakushukuru kwa lolote. Hakumwita mkwe wala mwanangu. Akimhitaji aligonga kiti kwa kiganja. Fundi alivumilia mpaka siku moja, akiwa anamwosha miguu kwenye beseni, akashindwa.

“Mama. Lile neno. Ndivyo ulivyokuwa unaniita moyoni muda wote ule?”

Bibi Vifungo aliitoa miguu yake kwenye maji.

“Nilikuwa nimelimeza,” akasema. “Nililimeza siku ya kwanza, nikakaa nalo. Nikala na wewe, nikashona na wewe, usilisikie. Ningekufa nalo. Ni nyinyi mlionitapisha.”

Fundi akamkausha miguu, kidole kimoja kimoja. Kaka zake walituma ujumbe tena, aje nyumbani, bado ni kijana, ana maisha mbele. Akawajibu kwamba atafikiria. Alifikiria kweli. Kila asubuhi alifikiria, halafu kiti kikagongwa.

Mvua zilipokwisha, aliamua kujishonea nguo. Hakuwa amejishonea kitu tangu msiba. Alichagua kitambaa cha kijani, akakata, akashona kwa siku zake, na alasiri moja akaivaa, akasimama katikati ya chumba, akipapasa kiuno kuona kama imekaa. Bibi Vifungo alikuwa kitini mbele yake, uso umemwelekea, yale macho meupe wazi.

“Kijani kinakupendeza,” akasema mama mkwe.

Fundi akadhani amesikia vibaya. “Unasemaje, mama?”

“Nasema kijani kinakupendeza. Ila zipu hukuipandisha mpaka juu.”

Mkono wa Fundi ulikwenda wenyewe shingoni, ukashuka. Zipu ilikuwa nyuma, mgongoni. Ilikuwa imebaki wazi kiasi cha kidole.

Ukuta uliokuwa nyuma yake haukutoa sauti yoyote. Bibi Vifungo, aliyetazamana naye uso kwa uso, alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ile, tabasamu la mama kabisa, lenye upendo wote wa zamani.

“Geuka basi, mwanangu,” akasema, “nikuone uso.”